Muuza duka wa Tel Aviv na simu za Idi Amin

Tarehe 30 Juni 1976, kanali mstaafu mmoja alipiga simu Uganda kutoka dukani kwake Tel Aviv, akaomba kuzungumza na Rais. Akaunganishwa. Nilikutana na nakala ya mazungumzo yao nikitafuta jambo jingine kabisa, na tangu hapo yamenikaa rohoni. Makomando wa Entebbe tunawajua, sinema zimejaa habari zao. Lakini huyu wa simu?

Ni Baruch Bar-Lev, ambaye wenzake walimwita Burka. Aliongoza ujumbe wa kijeshi wa Israel nchini Uganda, akawa rafiki wa Amin, hadi Amin alipowafukuza Waisraeli mwaka 1972. Sasa ndege ya Air France iliyotekwa baada ya kuruka Athens ilikuwa kwenye uwanja wa Entebbe, Uganda, na watekaji walidai wafungwa 53 waachiwe, 40 kati yao wakiwa Israel. Serikali ya Yitzhak Rabin haikuwa na ubalozi Kampala. Ilikuwa na Burka.

Alizungumza kama mshenga aliyekuja kuposa: kwanza sifa za mwenye nyumba, kisha ukoo, haja mwishoni. Alimwambia Amin kwamba Mungu amempa nafasi ya kuwa mtu mkubwa wa historia. Akamtajia Tuzo ya Nobel. Kisha akamkumbusha marehemu mama yake, aliyemwasia kabla ya kufa awasaidie Waisraeli. Nilipofika hapo niliiweka nakala chini. Mtu hasemi na rais kuhusu wosia wa mama yake kama hajawahi kukaa naye barazani.

Amin alijibu kwa upole, ila alirudi palepale: watekaji wana mabomu, serikali yenu itimize wanayotaka. Burka akabadilisha maneno, akasifu upya, akajitolea hata kwenda mwenyewe. Amin hakusogea. Je, hakutaka, au hakuweza? Askari wake ndio walioulinda uwanja, lakini mateka walikuwa chini ya bunduki za wengine.

Na hata angetaka kusaidia, hesabu yenyewe ilikuwa na tundu. Wafungwa watano kati ya wale 53 walidaiwa kutoka Kenya, walikokamatwa Januari kwa njama ya kuishambulia ndege ya El Al jijini Nairobi. Nairobi ilisema haina watu hao. Kweli haikuwa nao: ilikwisha kuwakabidhi kwa Israel kimyakimya. Mtu ambaye hakuna nchi inayokiri kumshika, unamwachiaje?

Alhamisi, Julai 1, baraza la mawaziri la Rabin likakubali kujadiliana. Wengi huona huo ulikuwa ujanja wa kuvuta muda. Mimi siamini hivyo. Asubuhi ile Rabin hakuwa na mpango wa kijeshi alioutegemea. Watekaji wakasogeza muda wa mwisho waliokuwa wametoa hadi Julai 4. Amin naye akaenda Mauritius kukabidhi uenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mpango wa kijeshi ukapikwa ndani ya nafasi hiyo.

Usiku wa kuamkia Julai 4 makomando wa Israel wakauvamia uwanja. Alfajiri Burka alipiga tena, akamshukuru Amin kwa ushirikiano wake. Amin akababaika, akauliza kimetokea nini. Burka akasema ameombwa tu na rafiki amfikishie shukrani. Ilikuwa kejeli? Au hata yeye walimpa nusu ya habari? Sauti ya maandishi haisemi.

Mateka 102 walirudi. Mateka watatu walikufa katika uvamizi, pamoja na kamanda Yonatan Netanyahu na askari wengi wa Uganda. Wakenya waliokuwa Uganda waliuawa kwa kulipiza kisasi, kwa sababu ndege za Israel zilijaza mafuta Nairobi. Dora Bloch, mateka aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, alitolewa kitandani akauawa. Mabaki yake yalipatikana 1979, majeshi ya Tanzania yalipokwisha kumng'oa Amin.