Asiyekubali Kushindwa si Mshindani



Wasimamizi wa kitabu chetu cha mwaka waliniomba, kwa kuwa nilikuwa mwalimu, niandike machache juu ya masomo ya watoto wetu. Nimeona bora niandike juu ya somo nililolisoma mimi mwenyewe, nikiwa na miaka 60 na ushei, hapa nyumbani Rusayl, mwalimu wangu akiwa ni mjukuu wangu wa miaka 13. Somo lenyewe ni ile michezo ya kupigana inayochezwa kwenye televisheni. Najua baadhi yenu mtacheka. Chekeni, kisha someni mpaka mwisho.

Yaliyotokea siku ya Idi

Rusayl mnaijua. Ni viwanda tangu eneo la viwanda lilipoanzishwa mwaka 1983, ni malori ya njia ya Nizwa, na jua la Juni lisilo na huruma. Si mahali pa kumwambia mtoto, "Toka nje ukacheze." Basi siku ya Idi watoto wote walikuwa chumba cha ndani, mbele ya mashine ya PlayStation aliyoiacha mwanangu hapa kwangu. Sisi wazee tulikuwa barazani na kahawa yetu na halwa. Mara tukasikia ukelele. Mjukuu wangu alikuwa ameshindwa mara tatu mfululizo, hasira zikampanda, akamtupia mtoto wa ami yake kile kishikio cha kuchezea, kikampata juu ya jicho.

Mimi nikafanya kama nilivyozoea kufanya darasani kwa miaka mingi. Sikuuliza kitu. Nilichomoa waya, nikaitia mashine kabatini, nikafunga kwa ufunguo. Nikarudi barazani nikijiona nimetenda la busara.

Ijumaa iliyofuata mjukuu wangu, ambaye alikuwa haikosi chakula cha mchana kwangu, hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu nikamuuliza mama yake, akaniambia kwa haya, "Baba, anasema kwa babu hakuna la kufanya wala la kusema."

Hilo la "kufanya" halikuniumiza. Lililonichoma ni "la kusema." Kwa sababu ni kweli. Kiarabu chake ni cha skuli, Kiingereza chake ni chepesi, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Tulikuwa tukiamkiana, akinibusu mkono, basi, maneno yamekwisha. Lugha tuliyovuka nayo bahari ilikuwa inakatikia pale pale kwenye mkeka wangu, na mimi nimefunga kabati.

Nikalifungua. Nikampigia simu nikamwambia, "Njoo unifundishe huo mchezo." Alidhani namtania.

Si jambo geni kwetu

Kabla ya kueleza namna ya kuanza, niwaambie wazee wenzangu kwamba kupigana kwa mchezo si jambo lililozuliwa na mashine. Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba mpaka jasho liwatoke, kisha wakala pamoja, na kinyongo cha mwaka mzima kimekwisha. Ndondi ndizo ambazo wengi wetu hatukuziona nyumbani, kwani Unguja zilipigwa marufuku baada ya 1964, na marufuku hayo hayakuondolewa mpaka 2022.

Ama hii michezo ya mashine, asili yake kubwa ni Japani. Kampuni ya Capcom ilitoa Street Fighter mwaka 1987, lakini uliotapakaa duniani ni wa pili, Street Fighter II, wa mwaka 1991. Kampuni ya Namco ikaleta Tekken mwaka 1994, na maana ya jina hilo ni ngumi ya chuma. Kuna na Mortal Kombat wa Marekani, wa 1992, ambao damu yake ilizusha kelele nyingi hata huko Marekani mwaka 1994 kikaanzishwa chombo cha kupanga michezo kwa umri wa mchezaji. Kwa hiyo, wazee, tazameni namba iliyopigwa juu ya kasha kabla ya kumnunulia mtoto. Mortal Kombat si mchezo wa watoto hata kidogo.

Sisi tulicheza Tekken 8, uliotoka Januari 2024.

Masomo ya mwanzo

La kwanza, chagua mpiganaji mmoja ukae naye. Tekken 8 ulitoka na wapiganaji 32, na kila mmoja ana mapigo yake kwa makumi. Mwanafunzi anayebadilisha kila siku hatajua hata mmoja. Mimi nilimchagua Shaheen, Msaudia mwenye kilemba, aliyeingizwa katika Tekken 7 mwaka 2015. Kabla ya kumtoa, Katsuhiro Harada aliyeusimamia mchezo aliwaomba wachezaji wa nchi za Kiarabu maoni juu ya sura na mavazi yake. Mjukuu wangu alifurahi kwamba nimemchagua huyo, akaniambia, "Babu, huyu kama jirani."

La pili, vijue vitufe kama unavyovijua viungo vyako. Na hapa Tekken una hekima, kwani vitufe vinne ni viungo vinne: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Street Fighter una sita, ngumi tatu na mateke matatu, nyepesi, ya kati na nzito. Tena siku hizi watengenezaji wamewafikiria wageni. Street Fighter 6 wa 2023 na Tekken 8 yote miwili ina njia nyepesi ya kuchezea, ambapo kitufe kimoja hutoa pigo ambalo zamani lilitaka vidole vya mpiga udi. Mimi nilianza na njia hiyo na sioni haya. Hata msahafu hatukupewa wote siku ya kwanza chuoni. Tulianza na alifu kwa kijiti.

La tatu, na hili ndilo kubwa, jifunze kujilinda kabla ya kupiga. Siku yangu ya kwanza nilifanya wafanyavyo wageni wote, nikavipondaponda vitufe kama mtu anayetwanga kisamvu. Mjukuu wangu alisimama tu, akazuia, kisha akanipiga. Akasema, "Babu, acha kupiga. Vuta nyuma." Kumbe ukivuta nyuma mpiganaji wako huzuia mapigo ya juu na ya kati. Ukimwinamisha na kuvuta nyuma huzuia ya chini, na ya juu humpita kichwani, lakini pigo la kati litampata. Basi mchezo wote umejengwa juu ya swali hilo: mwenzangu atakuja juu, kati au chini? Na ukizidi kusimama ukizuia tu, atakukamata akubwage. Kila kinga ina kivunjio chake.

La nne, subiri. Picha za mchezo huu hupita 60 kwa kila sekunde. Ngumi nyepesi ya kawaida katika Tekken huanza kupata baada ya picha 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde, na hapana jicho la binadamu litakaloiona likawahi kuamrisha mkono. Lakini pigo kubwa, zito, huja polepole, na likikosa au likizuiwa mwenye kulipiga hubaki wazi kwa muda mfupi. Muda huo ndio wako. Nilipolifahamu hili nikaona kwamba uzee si hasara kama nilivyodhani. Vidole vyangu ni vizito, lakini miaka 30 ya kusimama mbele ya darasa imenifundisha kumjua mtoto anayetaka kufanya jambo kabla hajalifanya. Mjukuu wangu, kila akikaribia kurusha teke la kufagia, huuma mdomo. Sikumwambia kwa wiki mbili.

La tano, jizoeze peke yako, jambo moja kwa siku. Mchezo una chumba cha mazoezi, ambapo adui husimama akungoje. Mfululizo wa mapigo, ambao vijana huuita kombo, haukukusudiwa hapo mwanzo. Ulijitokeza katika Street Fighter II wakati wa kuutengeneza, na wenyewe wakauacha. Leo kuna mifululizo mirefu kama kasida. Mgeni asiikimbilie. Chukua mmoja wenye mapigo matatu, ukariri mpaka mkono uujue bila ya kuuliza kichwa.

Somo la kushindwa

Nilishindwa michezo 40 ya mwanzo, yote, nami niliiandika katika daftari kwa tabia ya kazi. Kila nikishindwa nilimuuliza mwalimu wangu swali moja tu: "Nimepigwa na nini?" Si "kwa nini umenipiga," wala "mashine mbovu." Nimepigwa na nini. Yeye akinionyesha, polepole, na mchezo wenyewe unakuruhusu kulitazama tena pambano lililopita. Yule mtoto aliyekuwa hana subira ya kushindwa mara tatu alikaa akamtazama babu yake akishindwa mara 40 na kila mara akimwambia, "Ahsante, tena." Sikumhutubia kuhusu kishikio alichokitupa. Wiki ya tano alinyanyua simu mwenyewe akamwomba radhi mtoto wa ami yake, akamwita aje tucheze watatu.

Nilimsimulia, naye alikuwa anajua kunishinda, kisa cha Arslan Siddique, kijana wa Lahore, Pakistani, anayeitwa Arslan Ash. Februari 2019, baada ya safari ya taabu, alifika Fukuoka, Japani, karibu hakuna aliyemjua, akawashinda mabingwa wa Tekken katika mashindano ya Evo. Agosti mwaka ule ule akashinda tena Las Vegas. Walipomuuliza, akasema kwao Pakistani wapo wengine wakali kama yeye. Na kweli, Atif Butt wa Pakistani naye akaja kutwaa ubingwa wa Tekken wa dunia. Na karibu yetu zaidi, mwaka 2023, Amjad Alshalabi, anayejulikana kwa jina la AngryBird, alishinda Street Fighter 6 huko Las Vegas kwa upande wa Imarati. Hawa walinolewa kwa kukaa bega kwa bega na wenzao wakishindana na kushindwa. Siwaambii muwafanye watoto wenu mabingwa. Nasema tu kwamba ujuzi huu, kama wa bao, hupatikana kwa kukaa na mtu.

Tulipofika

Sasa nyumbani kwangu pana masharti manne, na watoto ndio waliosaidia kuyatunga. Kabla ya pambano na baada yake, kupeana mikono. Mwenye kushindwa mara mbili humpisha mwengine. Kukitupwa kitu, mashine inazimwa mpaka Ijumaa ya pili. Na adhana ya Magharibi ikilia, kila kitu kinazimwa, hata kama babu yuko karibu kushinda.

Sharti la tano nililiongeza mimi: anayecheza na mimi acheze kwa Kiswahili. Siku ya mwanzo mjukuu wangu alikuwa na "piga" na "ngoja." Leo anasema zuia, inama, vuta nyuma, kwepa, mbwage. Wiki iliyopita nilimwambia pigo lile lilikuja mshazari. Akausimamisha mchezo akauliza, "Babu, mshazari ndiyo nini?" Nikachukua kalamu nikamchorea. Kisha akataka kujua tulikuwa tukisema nini uwanjani tulipokuwa watoto, tukicheza nini, na nani alikuwa hodari. Mchezo ukakaa umesimama vile vile kwa saa nzima, nami nikimsimulia.

Mnataka kujua kama nimeshawahi kumshinda. Nimeshinda mara moja, mwezi uliopita. Alikuja na lile teke la kufagia, akauma mdomo, nikainama nikazuia, nikamrudishia. Lakini nina shaka kwamba aliniachia. Nimemuuliza, hataki kusema. Anacheka tu, na kila Ijumaa anakuja.

Wasalaam.