Kujisajili Kabla ya Kuugua

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Makadara na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, zahanati haiko mbali na makazi ya watu, lakini kufika kwenye dirisha la mapokezi na kuandikishwa kuwa mgonjwa anayetambuliwa ni mambo mawili tofauti. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyozoeleka kwa jina la SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya hospitali iliyoanzishwa 1966, na hata waliokuwa wanachama wa zamani wakatakiwa kujisajili upya, ama kwa kubonyeza *147# kwenye simu, ama kupitia tovuti ya Afya Yangu.

Kizuizi cha kwanza ni kitambulisho. Asiyekuwa nacho hujikuta nje ya mfumo, na kwa Wasomali wa Eastleigh shida hii ina historia ndefu, kwa kuwa jamii za mipakani zililazimika kwa miaka mingi kuhojiwa zaidi na kamati za ukaguzi, hadi Rais Ruto alipoagiza Februari 2025 utaratibu huo ukomeshwe. Mtoto naye huhitaji cheti cha kuzaliwa ili aandikwe kuwa mtegemezi wa mzazi. Hata mwenye kitambulisho huweza kukwama mbele ya mashine ya alama za vidole, hasa mama fua au mfanyakazi wa mjengo ambaye ngozi ya vidole vyake imesuguliwa na sabuni au saruji hadi mistari yake ikafifia.

Kizito kuliko vyote, hata hivyo, ni kuchanganya usajili na malipo. Mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75, ilhali mchuuzi au kibarua hupimwa uwezo, yaani huulizwa maswali kuhusu nyumba yake, maji, choo na nishati ya kupikia, kisha hukadiriwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, unaotakiwa kulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa anayelipwa kwa siku, shilingi 3,600 za mkupuo mmoja ni kodi ya nyumba, na si haki kumtaka achague bima badala ya paa. Wengi wakisikia kiasi hicho huacha kila kitu, ilhali matibabu yasiyo ya kulazwa katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hugharimiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi kwa kila aliyesajiliwa, awe amechanga au hajachanga. Mchango huhitajika anapopelekwa hospitali kubwa, kama Mama Lucy Kibaki.

Mkazi ambaye bado hajajisajili na afanye hivyo akiwa mzima, awaandikishe na watoto wake, kwa kuwa usajili wenyewe haulipiwi.