Kambi ya Jeshi na Besi ya Kemia

Vijana wa sekondari hukutana na neno moja la Kiingereza lenye maana mbili. Katika historia ni kambi ya jeshi, katika kemia ni besi. Tueleze kila moja na kazi yake.

Kambi ni mahali ambapo askari huishi, hufanya mazoezi na huhifadhi zana zao. Sisi wa Kibaha twaijua Ruvu JKT, ambako vijana hufunzwa ukakamavu, kilimo na ufugaji. Jeshi hilo la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963. Ziko pia kambi zenye maghala ya silaha. Ndugu zetu wa Kisarawe wanakumbuka usiku wa Februari 16, 2011, mabomu yalipolipuka Gongo la Mboto. Kabla yake, Aprili 29, 2009, yalilipuka Mbagala. Makumi ya watu walifariki, na mabomu mengine yalitua mitaani bila kulipuka. Basi mtoto akiona chuma asichokijua, asikiguse wala asikiuze kama chuma chakavu. Aondoke, amwambie mtu mzima, naye atoe taarifa polisi.

Besi ni kitu kinachoua ukali wa tindikali. Vikichanganyika hupatikana chumvi na maji. Maji yake huteleza vidoleni na hugeuza karatasi nyekundu ya litmasi kuwa ya buluu. Besi inayoyeyuka katika maji huitwa alkali, neno lililotoka katika Kiarabu, al-qaly, yaani majivu ya mimea. Ndiyo maana bibi zetu waliweza kufulia maji ya majivu. Chokaa hupunguza uchachu wa shamba, na dawa za kiungulia nyingi ni besi hafifu.

Besi kali ni kostiki soda, ambayo kina mama wengi huichanganya na mafuta kupata sabuni. Hiyo huunguza ngozi na koo. Tia soda katika maji, usitie maji katika soda. Usiiweke kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, maana mtoto hajui tofauti. Ikimwagikia mwili, osha kwa maji mengi. Mtoto akiimeza, msimtapishe, mkimbizeni hospitali.

Kambi hulinda nchi, besi huisaidia nyumba. Zote mbili humdhuru asiyezijua. Tusome, tuwafundishe na wadogo zetu.