Wingi wa Damu Unavyosomwa kwa Mwanga

Mwanga unapopita katika myeyusho wenye rangi, sehemu yake hufyonzwa na molekuli zilizoyeyuka humo, nyingine hutokea upande wa pili. Molekuli zikiongezeka, au njia ya mwanga ikirefuka, kinachotokea hupungua. Pierre Bouguer wa Ufaransa alilieleza jambo hilo mwaka 1729, Johann Lambert akaliweka kihisabati mwaka 1760, na mwaka 1852 August Beer akalifungamanisha na ukolezo.

Kipimo chake huitwa ufyonzaji. Ikipita asilimia 10 ya mwanga, ufyonzaji ni 1. Ikipita asilimia 1, ni 2. Kwa hesabu hiyo ya logi, ukolezo ukizidi maradufu, ufyonzaji nao huzidi maradufu, ilimradi myeyusho usiwe mzito mno.

Upimaji wa wingi wa damu, yaani kiasi cha hemoglobini ndani yake, unaonyesha vizuri kazi ya kipimo hicho. Mikrolita 20 za damu huchanganywa na mililita 5 za kimiminika cha Drabkin, chenye sianidi ya potasiamu na ferisianidi ya potasiamu. Seli nyekundu hupasuka, na karibu hemoglobini yote hugeuka kampaundi moja inayopimwa kwa mwanga wa kijani wa nanomita 540. Bila hatua hii kipimo kisingeaminika, maana hemoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo hazifyonzi mwanga sawasawa. Sianidi ni sumu kali, na ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua. Mabaki yake yanataka uangalifu mkubwa.

Mashine husawazishwa kwanza kwenye sifuri kwa Drabkin tupu. Damu imezimuliwa mara 251, kwa hiyo katika kichupa chenye upana wa sentimita 1, ufyonzaji huzidishwa kwa takriban 36.8 kupata gramu kwa desilita. Ufyonzaji wa 0.30 ni gramu 11, kiwango ambacho chini yake Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mjamzito wa miezi mitatu ya mwanzo ana upungufu wa damu. Kosa la 0.02 tu huhamisha jibu kwa gramu 0.7, na mama mwenye upungufu anaweza kurudishwa nyumbani bila matibabu. Ndiyo maana maabara makini hupima pia myeyusho sanifu wenye ukolezo unaojulikana.

Damu yenye mafuta mengi huutia mchanganyiko ukungu. Ukungu hutawanya mwanga, na mashine huuhesabu kuwa umefyonzwa. Jibu hupanda isivyo halali. Dawa yake ni kupima plazma ya mgonjwa huyohuyo ndani ya Drabkin, kisha kutoa ufyonzaji wake.