Mashine haidanganyi? Muulize shosho na kilo zake za chai

"Mashine haidanganyi." Hivyo ndivyo karani alivyomjibu shosho yangu alipolalamika kwamba kilo zake za majani chai zimepungua. Ilikuwa kwenye kituo kimoja cha kukusanyia chai, huku juu ya Nkubu, Meru. Shosho akanyamaza. Utabishana vipi na skrini?

Mimi nilikuwa kando nimebeba gunia. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwisha. Lakini siku hiyo nikakumbuka somo moja la uhandisi ambalo nililikariri, nikapita mtihani, nikalisahau: mifumo ya vipimo. Mwalimu alikuwa amechora visanduku vinne ubaoni. Kuhisi, kugeuza, kuchakata, kuonyesha.

Iko hivi. Kifaa chochote cha kupimia ni kama mbio za kupokezana kijiti. Ile namba unayoiona ni mkimbiaji wa mwisho tu.

Chukua ile mizani ya zamani ya kuning'inia, yenye uso kama saa. Mzigo unavuta springi, nayo inarefuka kulingana na uzito. Hapo ndipo inapohisi. Meno ya gia yanageuza mvuto huo mdogo kuwa mzunguko mkubwa, halafu mshale unaonyesha kilo. Hakuna betri wala stima.

Ya kidijitali je? Fundi mmoja wa mizani mjini Embu alinifungulia moja nijionee. Ndani kuna kipande cha chuma kilichobandikwa nyaya nyembamba sana. Ukitundika mzigo, chuma kinapinda kidogo mno, jicho halioni. Nyaya zinavutika na ukinzani wake wa umeme unabadilika. Saketi inageuza badiliko hilo kuwa volteji ya milivolti chache. Volteji hiyo inakuzwa, inageuzwa kuwa namba, kisha inatua kwenye skrini.

Sasa, kosa linaweza kuingilia kwa mkimbiaji yeyote. Springi ikichoka, au chuma kikipinda moja kwa moja kwa kuzidishiwa mzigo, skrini haitakwambia. Itakupa namba safi kabisa, bila aibu.

Na Meru ina yake. Ukitoka mjini kuelekea Nkubu unavuka Ikweta. Huku dunia inatuvuta kidogo kuliko inavyowavuta watu wa Ulaya, kwa sababu imetuna katikati na huku ndiko inakozunguka kwa kasi zaidi. Mizani kama hizi mbili, ikirekebishwa London na kuletwa hivyo hivyo, itasoma kilo 100 kama 99.6 hivi. Ndiyo maana lazima ilinganishwe na mawe ya mizani hapa hapa inapotumika.

Hata sheria inajua. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Mawe ya mkaguzi nayo hulinganishwa na mengine bora zaidi, hadi kwenye viwango vya taifa vinavyotunzwa na KEBS, Nairobi. Ukipanda zaidi ulikuwa unafika Ufaransa: hadi 2019, kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha chuma kilichofungiwa karibu na Paris. Siku hizi inafafanuliwa kwa namba ya fizikia isiyobadilika.

Turudi kwa shosho. Siku iliyofuata niliangalia skrini kabla hajatundika gunia. Haikuwa sufuri. Ilisoma -0.6. Asubuhi mizani ilikuwa imewekwa sufuri huku gunia tupu lililolowa mvua likining'inia. Kila mkulima aliyefuata alikatwa uzito wa gunia lile na maji yake. Nikamwomba karani aiweke sufuri upya. Akaangalia, akabonyeza. Hakuwa mwizi, hata yeye alikuwa anaamini skrini.

Gramu 600 zinaonekana kidogo. Zidisha kwa foleni nzima, kwa kila siku ya kuchuma, uone.

Kwa hivyo ukienda kupimiwa chai, kahawa, muguka au hata nyama, angalia mambo matatu. Skrini isome sufuri kabla ya mzigo. Muhuri wa mkaguzi uwepo na uwe wa karibuni. Na uzito wa gunia unaokatwa uwe wa gunia lako, si la mwingine.

Shosho sasa hatundiki gunia kabla ya kuuliza, "Sufuri iko?" Foleni nzima imeanza kumuiga.