Je, Wajua Rangi Inayoishinda Printa?

Mpe fundi wa studio picha ya harusi yenye kanga nyekundu, majani mabichi na anga ya buluu, na printa yake ya wino itaitoa bila taabu. Mpe picha ya babu ya mwaka 1962, amekaa kitini na koti lake, picha isiyo na rangi hata moja, na hapo ndipo mashine inapoumbuka. Koti linatoka na ukijani, uso unapiga wekundu, ukuta wa nyuma una zambarau ya mbali. Kinachoishinda printa ni kijivu.

Sababu yake utaiona ukichukua kioo cha kukuzia. Chungulia sehemu ya kijivu ya picha iliyotoka kwenye printa ya kawaida, hasa pale palipo pepesi kama shavuni au mawinguni. Kijivu chenyewe hukioni. Unaona vidoa vya samawati, vya waridi iliyokoza na vya njano, vimetawanyika, na cheusi kimoja kimoja katikati yao. Kila kidoa ni tone la pikolita chache, na pikolita ni sehemu moja ya trilioni ya lita. Ukiishika picha kwa urefu wa mkono, jicho linavichanganya vidoa hivyo na kukuambia ni kijivu.

Mizani ya vidoa hivyo hupotea upesi. Tundu la kichwa cha printa likiziba kidogo, au karatasi ikinywa wino mmoja kuliko mwingine, kijivu kinaegea upande. Kosa hilohilo likitokea kwenye kanga nyekundu hakuna atakayeligundua, kwa sababu nyekundu zipo nyingi na zote zinakubalika. Kijivu halisi ni kimoja tu, na jicho linakijua.

Tuseme mizani imekaa sawa. Bado kuna mwanga. Jicho lina aina tatu za chembe zinazopokea rangi, kwa hiyo miali miwili tofauti kabisa inaweza kulidanganya likaona rangi ileile. Kijivu cha kuchanganya wino tatu kinategemea udanganyifu huo. Chini ya tyubulaiti ya dukani kinapita. Ukitoka nacho juani, mchanganyiko wa miali umebadilika na siri inafichuka. Wataalamu huliita jambo hili metamerizimu. Epson Stylus Photo 2000P, iliyotoka mwaka 2000 ikiwa na wino wa chembechembe uliokusudiwa kudumu miaka mingi, ilipata sifa mbaya kwa hilo: picha iliyopendeza chini ya balbu ya nyumbani ilionekana ya kijani mchana.

Ajabu ni kwamba uchapaji wa picha za sanaa kwa printa za wino ulianzia hasa kwenye picha za nyeusi na nyeupe. Graham Nash, mwanamuziki Mwingereza wa kundi la Crosby, Stills & Nash, alikuwa pia mpigapicha, na mwaka 1991 yeye na mwenzake Mac Holbert walifungua Nash Editions huko Manhattan Beach, California. Mashine yao ilikuwa IRIS 3047, iliyogharimu dola 126,000, nao hawakusita kuikata kwa msumeno ili ipitishe karatasi nene. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Ilitumia wino nne, kwa hiyo shida ya kijivu waliirithi tangu siku ya kwanza.

Mtu atauliza: kwa nini usitumie wino mweusi peke yake? Wapo wanaofanya hivyo. Tatizo ni kwamba mweusi mmoja hauwezi kuwa kijivu isipokuwa kwa kutawanya vidoa mbali mbali, na kwenye uso mweupe wa mtu vidoa hivyo huonekana kama pilipili manga iliyomwagwa kwenye wali. Dawa ni kuuzimua mweusi wenyewe. Mwaka 2005 Epson walitoa R2400 yenye mweusi wa ngazi tatu: uliokolea, uliopunguzwa, na uliopunguzwa zaidi. Vidoa vyepesi vikapangwa karibu karibu, na rangi zikabaki za kugusia tu. Jon Cone wa jimbo la Vermont, Marekani, alikwenda mbali zaidi: katika mfumo wake wa Piezography katriji zote za rangi hutolewa na mahali pake kuwekwa vijivu vitupu, hadi ngazi saba.

Na wino huo mweusi ni nini? Ni kaboni, yaani masizi, ndugu wa yale yanayoganda kwenye chemni ya kandili. Sifa yake kubwa ni kunyonya miali ya kila rangi karibu kwa usawa, ndiyo maana haibadiliki sana ukiihamisha kutoka kwenye balbu kwenda juani. Lakini masizi nayo si safi kama tunavyodhani. Yakiwa mazito ni meusi tititi. Ukiyazimua, hasa yale yenye chembe ndogo sana, yanageuka hudhurungi. Kwa hiyo printa inayotafuta kijivu kisichoegemea popote hulazimika kudondosha samawati kidogo na waridi kidogo juu ya masizi ili kuiua hudhurungi hiyo.

Karatasi nayo ina neno lake. Printa haina wino mweupe. Weupe wote wa picha ni karatasi. Karatasi nyingi zinazong'aa zimetiwa kemikali zilezile za sabuni ya unga, zinazopokea miali ya urujuanimno na kuirudisha ikiwa buluu. Kemikali hizo huchoka kwa kupigwa na mwanga miaka mingi, na karatasi hurudia umanjano wake. Karatasi za pamba zisizotiwa kemikali hiyo zina umanjano kidogo tangu mwanzo, ila hazina pa kurudi nyuma.

Fundi makini hupima kwa spektrofotomita, kifaa kinachotoa namba mbili za rangi: moja kati ya kijani na nyekundu, nyingine kati ya buluu na njano. Zote zikiwa sifuri, hicho ni kijivu halisi. Tofauti ya namba moja au mbili tu, jicho lililozoea linaikamata.

Mimi nipo upande wa wanaochapa kwa masizi matupu na kuiacha hudhurungi ijionyeshe. Ile samawati na waridi inayotiwa ili kusawazisha haivumilii mwanga kama kaboni. Ikififia, picha iliyotafutiwa kijivu kwa gharama yote hiyo itaelekea kwenye hudhurungi ileile.