Tango la Ndooni Nalo Hupumua

Anayeanza kulima matango bila udongo huulizia mbolea kwanza. Lakini kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, mche ukifia ndooni, mara nyingi umekosa hewa. Maji ya nyuzi 20 hushika takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubaki kama 7.5, na mizizi yenye joto huitaka oksijeni hiyo kwa wingi zaidi. Vimelea vya Pythium hupata mwanya, mizizi hugeuka kahawia na kuteleza. Majani yananyauka ilhali ndoo imejaa, na mwenye ndoo, maskini, anaongeza maji.

Njia isiyotaka umeme ilienezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Ndoo ya lita 20 hutobolewa mfuniko, hupachikwa kikopo chenye matundu, na maji ya mbolea hujazwa hadi yaguse kitako cha kikopo. Kadiri mche unavyokunywa, maji hushuka na kuacha nafasi ya hewa. Inua mfuniko baada ya wiki kadhaa: mizizi ya juu imeota vinyweleo kama manyoya ya kifaranga, ya chini ni laini na mirefu. Ile ya juu ndiyo ya kupumulia, na ukiijazia maji umeizamisha.

Saladi ikipandwa hivi huvunwa kabla ndoo haijakauka. Tango lililobeba hunywa hata lita 2 kwa siku, kwa hiyo kuongeza hakukwepeki: ishia nusu ya ndoo, usizidishe hapo. Mwenye umeme wa kutegemewa anunue pampu ndogo ya hewa, ile ya tangi la samaki. Ndoo ipakwe rangi nyeusi kuzuia mwanga unaootesha mwani, kisha nyeupe juu yake ili isichemke juani.

Mbolea iwe kamili, yaani yenye madini yote; yurea ya shambani haifai hapa. Kalsiamu naitreti iyeyushwe peke yake, kwani ikikutana na salfeti au fosfeti zikiwa bado nzito, hutuama chini kama chokaa na mmea haupati kitu. pH iwe kati ya 5.5 na 6.5.

Ukijaza kikopo kwa makumbi ya nazi, yaoshe mara kadhaa, hasa yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba. Tango halivumilii chumvi, na maji ya visima vingi vya pwani nayo yana chumvi.

Kibarazani nyuki ni wachache, hivyo tafuta mbegu ya aina inayozaa bila uchavushaji. Ukiikosa, chuma ua dume asubuhi, lipake kwenye ua jike, lile lenye kitango kidogo nyuma yake. Vuna matunda yakiwa bado machanga. Hata moja likiachwa mpaka liwe la njano, mmea hupunguza kuzaa.